Kufufua jukwaa lililotelekezwa: kagua milango kabla ya kuita watu

#1 Mlinzi_wa_Nyuzi

Wakuu, habari za kazi.

Jukwaa likilala, wamiliki wengi hukimbilia mambo mawili: kubadilisha sura ya tovuti na kutangaza "tumerudi". Nionavyo, hayo ni ya mwisho, si ya mwanzo. Jukwaa lililonyamaza mara nyingi limejifungia mlango bila mwenyewe kujua. Mgeni anajaza fomu ya usajili, barua ya uthibitisho haifiki, anaondoka zake. Mwingine anafanikiwa kuingia, anaandika swali zuri, bandiko linaangukia kwenye foleni ya kuidhinishwa ambayo hakuna aliyeifungua kwa miezi. Ukiita watu mia kwenye nyumba ya namna hiyo, wote mia wataukuta mlango haufunguki, na hawarudi kujaribu tena.

Basi naweka hapa utaratibu wa kazi. Mwenye kujua zaidi aongeze, mwenye kuona kosa asahihishe. Mfano wangu ni phpBB, programu ya kuendeshea majukwaa, kwa kuwa imeenea sana. Kwa SMF, MyBB na vBulletin ya zamani majina ya majedwali yanabadilika, mantiki ni ileile.

Jaribio la mgeni. Kabla hujagusa chochote, fungua kivinjari kwenye dirisha la faragha, tumia anwani ya barua pepe ambayo jukwaa halijawahi kuiona, ujisajili kama mgeni kabisa. Rudia kwa simu. Tazama kwanza kapcha (jaribio la kuthibitisha kwamba wewe si roboti): reCAPTCHA toleo la kwanza ilizimwa Machi 2018, na jukwaa lililokuwa likiitegemea bila kusasishwa halijasajili mtu tangu siku ile. Mmiliki anasema watu hawataki kujisajili, kumbe hawawezi. Barua ya uthibitisho ikikawia zaidi ya dakika tano au ikitua kwenye folda ya taka, hesabu kwamba haikufika. Kisha omba kubadilishiwa nenosiri, andika bandiko, pakia picha, tafuta neno unalojua limo kwenye uzi wa zamani. Kila kinachokwama kiandike pamoja na maneno kamili ya kosa, usiandike tu "haifanyi kazi".

Baada ya hapo ingia kama msimamizi ufungue ile foleni. Bandiko halali lililosubiri humo liidhinishe na ulijibu siku hiyohiyo, hata kama limekaa mwaka. Aliyeliandika bado anaweza kupata taarifa kwa barua pepe.

Funguo. Kikoa (anwani ya tovuti) kimeandikishwa kwa jina la nani, na barua za kukihuisha zinaenda anwani ipi? Kama ni anwani ya mtu aliyeondoka, hilo ndilo la kurekebisha leo. Kikoa cha .com kikimaliza muda wake huwa na kipindi kifupi cha neema, kisha siku 30 za kukomboa kwa gharama ya juu, kisha siku 5 za kusubiri kufutwa, halafu ni cha yeyote atakayewahi. Baada ya kikoa: seva, hifadhidata, akaunti ya kutuma barua. Wasimamizi waliopotea waondolewe mamlaka bila kuwafuta. Majina yao yabaki kwenye mabandiko yao.

Nakala ya akiba. Ni vitu vitatu, na watu husahau cha pili: hifadhidata, folda ya viambatisho, na faili la mipangilio. Kwenye phpBB viambatisho vinakaa kwenye `files/` kwa majina marefu yasiyo na kiambishi cha .jpg wala .pdf, kwa hiyo ukiipitia haraka utadhani ni takataka. Jina halisi la faili limo kwenye hifadhidata. Ukipoteza folda hiyo, kila uzi utaonyesha jina la picha pasipo picha.

Ukitumia mysqldump (amri ya kunakili hifadhidata ya MySQL) na `--single-transaction`, kumbuka inalinda majedwali ya aina ya InnoDB peke yake. Jukwaa la kale mara nyingi lina aina ya zamani, MyISAM, na huko nakala inaweza kuchukuliwa katikati ya uandishi: uzi umo, bandiko lake la mwisho halimo. Funga jukwaa kwa dakika chache, chukua nakala, fungua. Kisha irejeshe kwenye mashine nyingine na uhesabu mabandiko pande zote mbili. Nakala ambayo haijawahi kurejeshwa bado ni matumaini tu.

Kazi yote inayofuata ifanyike kwenye hiyo mashine ya pili.

---

#2 kiraka77

Asante mkuu kwa uzi huu. Kuna hali hii: phpBB 3.0, seva imepandishwa hadi PHP 8 (PHP ndiyo lugha inayoiendesha phpBB), ukurasa ni mweupe tupu. Nikirudi PHP 5 inafunguka. Nibaki huko?

---

#3 Fundi_Seva

Usibaki, mkuu. PHP 5.6 iliachwa kupewa marekebisho ya usalama mwisho wa 2018. Ukurasa mweupe una sababu zinazojulikana: kazi za `mysql_` ziliondolewa kwenye PHP 7.0, pamoja na `ereg` na alama ya /e ya `preg_replace`, PHP 8.0 ikaondoa `each` na `create_function`. Ukianza kuziba tundu moja moja kwenye msimbo wa kale hutamaliza. Ruka moja kwa moja hadi tawi la 3.3, ukiwa kwenye nakala ya majaribio:

1. Ukiwa bado kwenye PHP ya zamani, rudisha mtindo wa prosilver (sura ya kawaida ya phpBB) kwa watumiaji wote. Mitindo na nyongeza za 3.0 hazihami.
2. Futa mafaili yote isipokuwa `config.php` na folda za `files`, `images` na `store`.
3. Pakia kifurushi cha toleo jipya, bila folda ya `install` na bila `config.php` yake, isije ikafuta yako.
4. Kwenye `config.php`, kama `$dbms` inasema mysql, andika mysqli.
5. Badilisha PHP kwenda toleo linalokubaliwa na kifurushi hicho.
6. Kwenye mstari wa amri, geuza hifadhidata iwe ya toleo jipya: `php bin/phpbbcli.php db:migrate --safe-mode`.

Hatua ya 6 usiifanyie kwenye kivinjari kama mabandiko yanazidi laki moja. Seva itakata muda katikati na hifadhidata itabaki nusu mpya nusu kuukuu. Ikisimama na kosa, soma jina la hatua iliyokwama. Mara nyingi ni safu iliyoachwa na nyongeza ya zamani. Iondoe kwenye nakala, rejesha upya, anza tena toka 1.

MySQL nayo ina mitego miwili kwa faili la nakala la miaka mingi. `TYPE=MyISAM` haikubaliki tangu 5.5, inatakiwa `ENGINE=`. Na tarehe za '0000-00-00' hukataliwa na mipangilio ya kawaida ya 5.7 kwenda juu.

---

#4 bi_Kalamu

Wadau, kwangu herufi ndizo zimeharibika. Palipoandikwa ng’ombe panasomeka ngâ€™ombe, na ni nyuzi zote za zamani. Nimeona ushauri wa kutumia `CONVERT TO CHARACTER SET`. Ni salama?

---

#5 Fundi_Seva

Usiiguse hiyo amri, dada, kabla hujajua baiti zilizomo ndani ni zipi.

Ile alama ya mkato iliyopinda ni baiti tatu katika UTF-8 (mfumo wa kisasa wa kuhifadhi herufi): E2 80 99. Jukwaa la kale liliziandika baiti hizo kwenye safu iliyojitangaza kuwa latin1, mfumo wa zamani wa herufi. Zilivyo ndani ni sahihi, lebo ndiyo ya uongo. Zamani tovuti ilizisoma kwa uongo uleule na zikatoka sawa. Programu mpya inaisadiki lebo, ndiyo unaona â€™. `CONVERT TO` nayo itaisadiki lebo na kuzigeuza hizo herufi tatu kuwa UTF-8 upya. Hapo uharibifu unakuwa wa tabaka mbili.

Hakikisha kwanza: chagua bandiko moja lenye ng’ombe, uliangalie kwa `HEX()`, inayoonyesha baiti zenyewe. Ukikuta E28099, dawa ni kupitia BLOB: badilisha safu kuwa MEDIUMBLOB, kisha kuwa MEDIUMTEXT yenye utf8mb4. BLOB haina lebo ya herufi, kwa hiyo baiti hazigeuzwi. Ukikuta C3A2E282ACE284A2, tayari mtu alishaibadilisha mara moja, na lazima kwanza uirudishe nyuma.

Makosa matatu yanayotokea hapa: (a) kutumia BLOB ya kawaida pahala pa MEDIUMBLOB, mabandiko marefu yanakatwa kwenye baiti 65,535, (b) kusahau kuondoa faharasa ya FULLTEXT kwanza, amri inakataa, (c) kuchagua utf8 badala ya utf8mb4. Ile utf8 ya MySQL huishia baiti tatu kwa herufi, na emoji inahitaji nne. Ukitumia hiyo, mgeni akiweka emoji, bandiko linakatwa hapo au linakataliwa zima.

Faharasa za safu zenye herufi 255 zinaweza kugoma kwa kikomo cha baiti 767. Punguza hadi 191, maana 191 mara 4 ni 764.

---

#6 bi_Kalamu

HEX imetoa E28099. Nashukuru sana, kaka. Na utafutaji je? Neno "uzi" halileti kitu, "nyuzi" linaleta.

---

#7 Fundi_Seva

Hiyo ni MyISAM. Kiwango chake cha kawaida cha `ft_min_word_len` (urefu wa chini wa neno) ni herufi 4, kwa hiyo uzi, mti, jua, bei, yote hayaingii kwenye faharasa. Kwa Kiswahili hasara hiyo ni kubwa. Hamishia jedwali la mabandiko InnoDB, ambako kikomo ni 3, kisha jenga faharasa upya kwenye paneli ya usimamizi. InnoDB ina faida nyingine: MyISAM hufunga jedwali zima kila mtu anapoandika, na siku watu wakirudi kwa pamoja utaona foleni.

---

#8 Fagio_la_Chuma

Naongezea usafi, maana jukwaa lililotelekezwa lazima lina taka, na nyingi hazionekani.

Anza kwa akaunti ambazo hazijaandika bandiko wala kuingia hata mara moja: `user_posts = 0` na `user_lastvisit = 0`. Lakini angalia sana. Kwenye phpBB akaunti namba 1 ni ya "mgeni" na roboti za mitambo ya utafutaji nazo zimo humohumo kwenye jedwali la watumiaji, aina yake ikiwa `user_type = 2`. Zote zina mabandiko sifuri. Ukifuta kwa SQL (amri za moja kwa moja kwenye hifadhidata) bila kuziacha kando, jukwaa zima halitafunguka, kwa sababu kila mtu asiyeingia anahesabiwa kuwa namba 1.

Msomaji asiye na bandiko lakini aliyeingia mwaka huu usimfute. Huyo ndiye mgeni wako wa kwanza.

Taka za pili zimejificha: sahihi za chini ya mabandiko, sehemu ya tovuti kwenye wasifu, na mabandiko yaliyohaririwa baadaye. Wamwaga taka wenye subira huandika jibu la kawaida, "asante kwa maelezo", halafu baada ya wiki kadhaa wanarudi kuchomeka kiungo. Yatafute hivi: `post_edit_time > post_time + 2592000`, yaani sekunde za siku 30, na maandishi yenye http. Orodha huwa fupi kuliko unavyotarajia, na ipitiwe kwa macho.

Kufuta kwenyewe kufanyike kwa paneli, si kwa SQL. Ukifuta mistari ya jedwali moja kwa moja, hesabu ya majibu, bandiko la mwisho la kila chumba na faharasa ya utafutaji vyote vinasema uongo. Fanya kwa mafungu ya akaunti 50 hivi ili seva isikate muda, na mwishoni endesha usawazishaji wa takwimu.

Kuzuia wapya: swali uliloliandika mwenyewe, linaloeleweka kwa anayejua mada ya jukwaa linashinda kapcha ya picha. Libadilishe likizoeleka. Kundi la "watumiaji wapya" liwe na mabandiko 3 ya kwanza yanayopitiwa. Lakini pitio hilo liwashwe tu kama kuna mtu wa kulifungua asubuhi na jioni. Bila mtu huyo, heri taka kidogo kuliko foleni iliyokufa.

---

#9 Posta_Usiku

Upande wa barua. Jukwaa la kale hutuma moja kwa moja kutoka seva ya tovuti, na barua hizo leo hazifiki. Tumia SMTP yenye uthibitisho (seva ya barua inayoingiwa kwa nenosiri), anwani ya mtumaji iwe ya kikoa chako, na weka rekodi tatu kwenye DNS ya kikoa: SPF (seva zinazoruhusiwa kutuma), DKIM (saini ya barua), DMARC (barua ikishindwa hizo mbili ifanywe nini). SPF iwe moja tu. Zikiwa mbili zote zinabatilika. Pia haitakiwi kuvuka utafutaji 10 wa DNS ndani yake. DMARC anza na `p=none` (ripoti tu, bila kuzuia) usome ripoti wiki mbili kabla ya kukaza.

Tangu Februari 2024 Gmail na Yahoo wanadai uthibitisho kwa kila mtumaji, na kwa wanaotuma kwa wingi (Gmail huhesabu 5,000 kwa siku) wanadai zote tatu pamoja na njia rahisi ya kujitoa. Malalamiko ya taka yasifike 0.3%.

Ndiyo maana kutuma "tumerudi" kwa wanachama wote kwa mpigo ni kujichoma. Anwani ambazo hazijaguswa miaka minane nyingi zimekufa, na nyingine zimegeuzwa mitego ya kunasa wamwaga taka. Ukizigonga, hata barua zako za uthibitisho zinaanza kutupwa, na umerudi pale pale alipoanzia Mlinzi. Gawa kwa tarehe ya kuingia mara ya mwisho. Anza na wa mwaka mmoja nyuma, barua 100 kwa siku. Inayorudi na namba 550 (kosa la kudumu) iondoe mara moja, inayorudi na namba inayoanza na 4 (kosa la muda) ijaribu tena kesho. Waliopotea zaidi ya miaka mitano usiwatumie kabisa.

---

#10 kiraka77

Na kwa nini tusianze upya na Discourse? Ina kila kitu cha kisasa, hata simu inaisoma vizuri.

---

#11 Mlinzi_wa_Nyuzi

Ni programu nzuri, na ngazi zake za uaminifu zimefikiriwa vyema: mgeni hupanda ngazi ya 1 baada ya kufungua nyuzi 5, kusoma mabandiko 30 na kutumia dakika 10. Inahitaji seva yake, GB 1 ya kumbukumbu kwa uchache, 2 ndiyo ya kupumulia.

Lakini pima kwanza. Kama programu yako bado inatunzwa na watengenezaji wake, kuisasisha ni kazi ya siku chache. Kuhama kuna kazi tatu nzito. Manenosiri: phpBB 2 iliyasaga (kuyageuza yasisomeke) kwa njia ya MD5 tupu, vBulletin 3 kwa MD5 mara mbili na chumvi (herufi za nasibu za kuongezea), mfumo mpya hauyasomi bila nyongeza maalumu, la sivyo kila mtu aombe nenosiri jipya, na wenye barua pepe zilizokufa wamebaki nje. Mapambo ya maandishi: nukuu zilizo ndani ya nukuu ndizo huvunjika kwanza. Na viungo.

Viungo ndivyo vinavyoniuma. Mali ya jukwaa la kale ni nyuzi zake ambazo watu bado wanazifikia kutoka kwenye mitambo ya utafutaji na tovuti nyingine. Uzi wa `viewtopic.php?t=120` ukihama, lazima uwe na jedwali linalounganisha 120 na anwani yake mpya, na seva ijibu 301 (ukurasa umehama kabisa). Mabandiko yana viungo vyake pia, `?p=`, yasisahauliwe. Kuelekeza kila kitu kwenye ukurasa wa mbele si suluhisho: Google huchukulia kama ukurasa haupo, na msomaji aliyefuata jibu mahususi anajikuta sebuleni.

"Kuanza upya" kwa kuacha nyuzi za zamani nyuma sikushauri kabisa. Unatupa sababu pekee ya mtu kuja.

Sasa watu, maana mitambo ikishapona ndipo kazi inaanza.

Unganisha vyumba. Jukwaa lenye vyumba 28 ambavyo 22 havina bandiko la mwaka huu linaonekana kama maiti hata kama vyumba sita viko hai. Baki na vinne au vitano. Nyuzi zihamishwe, zisifutwe, namba zake hazibadiliki.

Halafu tengeneza orodha ya nyuzi zenye majibu sifuri. Zijibu, kuanzia zile zinazosomwa zaidi. Ni kazi ya taratibu, tatu kwa siku, na majibu yawe kamili. Swali la mwaka wa nyuma likipata jibu zuri, anayelifikia leo anaona kwamba hapa watu hujibu.

Wachangiaji wa zamani waite mmoja mmoja, kwa kuwaonyesha swali moja mahususi wanaloliweza. "Kuna swali hili la pampu, wewe ndiye uliyeandika uzi wa valvu" linamrudisha mtu. "Tumekukumbuka" halimrudishi.

Kipimo changu ni kimoja: muda kati ya swali la mgeni na jibu la kwanza la maana. Ukiweza kuuweka chini ya saa 24 kwa wiki nne mfululizo, tangaza. Jakob Nielsen aliandika mwaka 2006 kuhusu uwiano wa 90 wanaosoma, 9 wanaochangia mara mojamoja, 1 anayeandika sana. Ni makadirio, lakini yanakuzuia kukata tamaa ukiona wasomaji 200 na waandishi wawili. Hiyo ni afya.

Akaunti bandia za kujiuliza na kujijibu msifanye. Wanachama wa zamani wanaijua mikono ya waandishi, na siku wakigundua hawarudi.

---

#12 bi_Kalamu

Picha za nyuzi za zamani nyingi zilihifadhiwa nje na sasa hazionekani. Zinapatikana?

---

#13 Fagio_la_Chuma

Baadhi, dada. Photobucket ilizuia picha kuonyeshwa kwenye tovuti nyingine mwaka 2017, TinyPic ikafungwa 2019, kwa hiyo mashimo hayo yako kila jukwaa. Toa orodha ya anwani zote zilizo ndani ya [img], zipange kwa idadi ya wasomaji wa uzi, na uzitafute kwenye Wayback Machine, hifadhi ya kurasa za zamani za wavuti. Tafuta anwani ya picha yenyewe na pia ya ukurasa wa uzi. Ukiipata, ipakie kwako kama kiambatisho. Isiyopatikana, andika kwa ufupi mahali pake picha ilionyesha nini kama maandishi yanaeleza. Zilizobaki hai zihamishe sasa, na zile za http zitakataliwa au kuonywa na vivinjari ukishaweka HTTPS.

---

#14 kiraka77

Na ikishindikana? Mtu mmoja tu, hakuna msimamizi wa pili.

---

#15 Mlinzi_wa_Nyuzi

Basi ligandishe mkuu, usiliache wazi. Jukwaa lisilo na mtu ni la wamwaga taka. Tengeneza nakala ya kurasa tuli: hakuna PHP, hakuna hifadhidata, hakuna cha kudukuliwa, na viungo vya zamani vinaweza kudumishwa.

Tumia wget (programu ya kupakua kurasa) kwa `--mirror`, ukiwa hujaingia kwenye akaunti, ili vyumba vya siri na ujumbe binafsi visinaswe. Mtego ni `sid`: phpBB humpa kila mgeni asiye na kuki namba ya kikao kwenye kila kiungo, na wget inaweza kunakili uzi mmoja mara nyingi. Nenda kwenye paneli, sehemu ya roboti, ongeza roboti mpya yenye jina lolote, uipe wget jina hilohilo kwa `--user-agent`. Roboti hazipewi `sid`. Kagua kwanza kwamba kundi la roboti lina ruhusa ya kusoma vyumba vya wazi vyote. Kataza `posting.php`, `memberlist.php`, `search.php` na kurasa za kuchapa. Weka sekunde moja kati ya kurasa, uiache usiku kucha.

Ikimaliza, chagua nyuzi 20 bila mpangilio, zikiwemo zenye kurasa nyingi, ufungue ukurasa wa mwisho wa kila moja. Hapo ndipo huwa panakatika.